Swichi za nafasi tupu za Land Cruiser 79: swichi nunua, nyaya zake ziache

Swichi hizi za kubonyeza zenye umbo la kiwandani ni kitu kizuri. Zinaingia kwenye zile nafasi za dashibodi zilizozibwa kwa vifuniko vya plastiki, zinakaa kana kwamba zilizaliwa pale, na usiku zinawaka pamoja na taa za dashibodi. Kinachoziharibia sifa ni nyaya zinazouzwa nazo ndani ya boksi moja, pamoja na dhana ya wanunuzi wengi kwamba swichi ndiyo inayobeba umeme wa taa. Kazi ya swichi hapa ni kutoa amri. Mzigo unabebwa na relei (swichi ya sumaku inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), na waya wa mzigo unalindwa na fyuzi iliyo karibu na betri. Kinyume cha hapo, swichi inayeyuka usiku katikati ya Uvinza na Mpanda, na harufu ya plastiki ndiyo inayomwambia dereva kwamba taa zimezimika kwa sababu gani.

Seti tunayoizungumzia ni ile ya kawaida isiyo na jina kubwa: swichi moja yenye nyaya tano fupi, relei ya 12V iliyoandikwa 40A, kishikio chenye fyuzi ya 30A, mkanda wa nyaya wa karibu mita 2.5, na viunganishi viwili vya mtindo wa Deutsch kwa upande wa taa. Nyuma ya swichi nyingi za aina hii pameandikwa 3A. Soma namba hiyo kwanza. Taa ndefu ya LED ya 180W, gari likiwa linachaji kwa 13.8V, inavuta 13A, yaani zaidi ya mara nne ya uwezo wa swichi. Koili ya relei, yaani waya uliozungushwa unaotengeneza sumaku yake, yenye ukinzani wa ohm 85 hivi inavuta 0.15A tu. Hiyo swichi inaimudu miaka na miaka.

Kabla ya kuagiza, toa kifuniko kimoja cha plastiki, pima tundu kwa rula au kalipa, kisha linganisha na vipimo vya muuzaji. Toyota ametumia maumbo kadhaa ya tundu, na tofauti ya milimita mbili inatosha kuifanya swichi isiingie au icheze kila gari linapopita kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi. Seti nyingi zinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa Kigoma. Kurudisha swichi kwa sababu ya tundu ni hasara ya siku nyingi, na dakika mbili za kupima zingeizuia. Kifuniko chenyewe kisukume kutoka nyuma ya dashibodi. Ukikichokoa kwa bisibisi kutoka mbele utaacha mkwaruzo usiofutika.

Lipo jambo linalochanganya watu kuhusu neno "swichi za akiba za kiwandani". Kuna magari ambayo kiwanda kimefunga mfumo mzima. Jeep Wrangler ya JL, na pikapu yake Gladiator, zikija na kundi la swichi za AUX (za vifaa vya ziada) zina swichi nne: mbili za kwanza zina fyuzi za 40A, mbili za mwisho za 15A. Relei na fyuzi zipo tayari, nyaya za kutolea umeme zimeachwa zikiwa zimezibwa ncha, na kwenye skrini mwenye gari anachagua kama swichi ibaki imewaka au iwake tu inaposhikiliwa, na kama ipate umeme wa betri wakati wote au mpaka ufunguo uwashwe. Land Cruiser 79 haina mambo hayo. Nafasi tupu ni tundu tu. Wakati mwingine nyuma yake utakuta plagi ya kiwandani inayoning'inia, iliyokusudiwa kifaa ambacho gari hilo halikufungiwa. Usiichomeke kwa kubahatisha.

Hata mwenye gari lenye AUX za kiwandani asidhani amemaliza. Taa ya 13A kwenye njia ya fyuzi ya 15A inakaa ukingoni, kwa sababu mzigo wa kuwaka muda mrefu haufai kuzidi asilimia 80 ya fyuzi, na asilimia 80 ya 15 ni 12. Ihamishie kwenye ile ya 40A. Lakini fyuzi ya 40A ilichaguliwa kwa unene wa waya wa kiwanda. Wewe ukiungia pale waya wako mwembamba, fyuzi hiyo haitaulinda. Waya huo utashika moto fyuzi ikiwa imetulia. Palepale kwenye maungio weka fyuzi yako ya 20A. Na fyuzi ya kiwanda ikikatika usiikuze kamwe. Tafuta kilichoikata.

Turudi kwenye seti. Rangi za zile nyaya tano zinatofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na michoro midogo kwenye boksi tumeikuta imekosewa. Tumia maltimita, kile kipimo cha umeme. Iweke kwenye mlio, gusa nyaya mbilimbili huku ukibonyeza na kuachia. Jozi inayolia swichi ikiwashwa na kunyamaza ikizimwa ndiyo mlango wa kuingia na wa kutoka. Kujua upi ni upi, peleka 12V kwenye mmoja kupitia fyuzi ya 1A, na waya wa hasi, ambao kwa kawaida ni mweusi, uguse hasi ya betri. Kitaa cha swichi kikiwaka pale tu swichi inapowashwa, umepatia. Kikiwaka muda wote hata swichi ikiwa imezimwa, umeingiza umeme kwa mlango wa kutokea; geuza. Nyaya mbili zilizobaki ni za mwanga wa usiku.

Mwanga wa usiku unaungwa kwenye waya wa taa za dashibodi. Upate kwa kupima: nyuma ya swichi nyingine yoyote iliyo jirani, tafuta waya unaopata umeme taa za pakingi zinapowashwa na kuukosa zinapozimwa. Hapa ndipo mafundi wengi wanapochoma fyuzi iliyoandikwa TAIL, kwa kuugusisha waya huo bodi wakati taa zimewashwa. Fyuzi ya TAIL ikikatika, taa za nyuma nazo zinazimika, na dereva anaweza asijue mpaka lori linalomfuata limkaribie sana. Toa kebo ya hasi ya betri kabla ya kuunga. Kebo hiyo irudishe baada ya kuunga, si kabla.

Umeme wa kuilisha swichi, kama hutaki kuifungamanisha na taa kubwa, uchukue kwenye sanduku la fyuzi la ndani kwa kile kichomeko chenye nafasi mbili za fyuzi, kwenye njia inayopata umeme ufunguo ukiwashwa. Weka fyuzi ya 3A, ile ya zambarau. Ikikosekana madukani, ya 5A inafaa. Kichomeko hicho kina upande wake. Toa fyuzi ya asili, pima ni mdomo upi wa tundu wenye 12V, kisha kiingize ili mguu unaolisha fyuzi zote mbili uwe kwenye mdomo huo. Ukikigeuza kitafanya kazi vilevile, ila fyuzi ya asili itabeba mizigo miwili, na siku ikikatika utalaumu kifaa kisicho na kosa.

Relei ya seti si mbaya. Pini ya 30 ipate umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 iende kwenye taa, 86 ipokee waya wa kutoka kwenye swichi, 85 iende ethi (njia ya kurudi kwenye hasi ya betri). Ikiwa na pini ya 87a katikati, hiyo ina umeme relei ikiwa imelala, usiiguse, izibe. Kinachokosekana ni dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Koili inapokatiwa umeme inarusha voltesheni ya kinyume inayoweza kufika mamia ya volti, nayo inakula kontakti za swichi na kuua kitaa chake cha LED, kwa kuwa kitaa hicho kimeungwa sambamba na koili. Malalamiko ya "kitaa cha swichi kimekufa baada ya mwezi" mara nyingi chanzo chake ni hiki. Dayodi ya 1N4007 moja, mstari wake ukielekea 86, inatibu. Mafundi redio wanayo kwa bei ndogo mno. Ukiigeuza itakata fyuzi ya swichi papo hapo, kwa hiyo kosa lake halijifichi.

Sasa nyaya. Kwangua uzi mmoja wa shaba kwa wembe. Ukiwa mweupe hadi ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na seti nyingi za bei ya chini ziko hivyo. Shaba iliyopakwa bati nayo ni nyeupe nje, lakini ndani ni nyekundu. Hiyo ni nzuri, tena bora kuliko shaba tupu kwa mazingira yetu. Waya wa alumini hupitisha umeme kwa shida zaidi, hukatika kwa mtikisiko, na kwenye lagi (kichwa cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya) hulegea kadiri unavyopata joto na kupoa.

Hata ukiwa wa shaba halisi, unene wake unaweza usitoshe. Taa iliyo juu ya kabini ya 79 inahitaji karibu mita 5 za kwenda na 5 za kurudi. Kwa 13A, waya wa milimita za mraba 1 unapoteza 2.4V njiani. Wa 2.5 unapoteza 0.96V, wa 4 unapoteza 0.6V, na wa 6 unapoteza 0.4V. Tunashauri wa 4 kama kiwango cha chini na wa 6 ukiweza. Mwenye balbu za halojeni ataona hasara hii kwa macho: voltesheni ikishuka kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Mwenye LED anaweza asione kitu, kwa sababu saketi ndani ya taa hufidia kwa kuvuta ampea zaidi, na joto linaongezeka kwenye waya uleule mwembamba.

Tahadhari mbili za manunuzi. Waya wa magari unaouzwa kwa vipimo vya Australia ukiandikwa "4 mm" maana yake ni kipenyo pamoja na plastiki ya nje. Shaba iliyomo ndani ni milimita za mraba 1.84 tu. Uliza mraba, si kipenyo. Na waya wa nyumba wa uzi mmoja mnene usiuingize garini hata kama mraba wake unatosha. Mtikisiko wa barabara ya kokoto unaukata ndani ya plastiki, mahali usipopaona. Tafuta waya laini wenye nyuzi nyingi.

Kwa taa moja ya juu nunua mita 6 za waya mwekundu na 6 za mweusi wa mraba 4 au 6, mita 4 za mraba 1 kwa ajili ya amri ya swichi, lagi za tundu la 8 mm nne, bomba la plastiki lenye mikunjo mita 6, na mpira wa kusinyaa kwa joto mita moja. Fyuzi ya 30A iliyokuja na seti iweke pembeni, weka ya 20A ya njano. Kishikio chake kiwe ndani ya sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye betri, kwa kuwa kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi wowote.

Bana lagi kwa koleo lake, kisha vuta kwa nguvu za mkono. Ikichomoka, afadhali ichomokee gereji. Kulehemu peke yake hatukushauri: risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya kuwa mgumu, nao unakatika pale ugumu unapoishia. Relei ifunge wima, pini zikitazama chini ili maji yasikae, mbali na manifoldi ya ekzosti na mbali na mvuke wa betri. Kuvuka ukuta wa injini tumia mpira wa tundu la mkanda wa kiwandani, na uuache waya ulegee kidogo kwenda chini kabla ya kuingia, ili maji ya mvua za Novemba hadi Aprili yadondokee nje badala ya kufuata waya hadi kwenye dashibodi.

Ethi ndiyo sehemu inayohitaji uvumilivu. Kabini ya 79 imekaa juu ya mipira, hivyo umeme ukirudi kupitia bodi unategemea kipande cha kebo kinachounganisha bodi na injini, na kipande hicho kwenye magari mengi kimechoka. Peleka waya mweusi wa taa moja kwa moja hadi kwenye hasi ya betri au boliti ya ethi ya injini. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu. Magari yanayobeba chumvi ya Uvinza yanahitaji kufunguliwa ethi na kusafishwa mara kwa mara: unga wa kijani kwenye lagi ni shaba inayoliwa, na taa huanza kupepesa muda mrefu kabla ya kuzimika.

Wanaotaka taa za ziada ziwake pamoja na fulu wasome hapa polepole. Kwenye Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, ambamo 79 imo, na Hilux nyingi za zamani, taa kubwa zinawashwa kwa upande wa hasi: chanya inakuja kwenye balbu kwa pamoja, na swichi ya fulu na dimu inachagua waya upi upate ethi. Mchoro wa kwenye boksi umechorwa kwa magari ya upande wa chanya, na ukiufuata, taa za ziada zinawaka kwenye dimu na kuzimika kwenye fulu, au haziwaki kabisa. Pima bila kuchomoa balbu ya H4 (yenye uzi wa fulu na wa dimu pamoja): ncha nyeusi ya maltimita kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye pini ya fulu. Washa dimu. Ukisoma 12V hivi, na ukiweka fulu ikashuka karibu na sifuri, gari ni la upande wa hasi.

Hapo 86 ipate umeme wa swichi, na 85 badala ya kwenda ethi iende kwenye pini ya fulu. Umeme wa kuilisha swichi usiuchukue tena kwenye sanduku la fyuzi. Uchukue kwenye pini ya chanya ya pamoja ya balbu hiyohiyo, kupitia fyuzi ya 3A. Sababu ni kwamba taa kubwa zikiwa zimezimwa, umeme wa koili unaweza kupenya kwenye uzi wa fulu, ukarudi kupitia uzi wa dimu hadi ethi, na relei ikashika mchana kweupe. Ukilisha swichi kutoka kwenye chanya ya taa zenyewe, zikizimwa hakuna umeme wa kupenya. Faida nyingine ni kwamba ukishusha taa kupishana na gari, za ziada zinazima zenyewe. Maelezo haya ni ya balbu za H4 za kawaida. Taa kubwa zikishabadilishwa kuwa za LED, pima upya kila kitu.

Jambo la 24V lisisahaulike. Baadhi ya 70 za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinatumia 24V, na zinafika huku zikiwa zimetumika. Betri mbili peke yake si ushahidi, kwa kuwa zikiungwa sambamba bado ni 12V. Pima kwenye sanduku la fyuzi. Relei ya 12V ikipewa 24V inazalisha joto mara nne, karibu 7W badala ya 1.7W, na koili inaungua. Taa nyingi za LED zenyewe zinakubali 10 hadi 30V, kwa hiyo unachobadilisha ni relei na swichi. Usichukue 12V kwenye betri moja kati ya mbili: moja itachajiwa kupita kiasi na nyingine itabaki na njaa, na zote mbili zitakufa mapema.

Vifaa vingine kwa ufupi. Honi ya upepo inafaa kwa swichi hii kupitia relei, lakini chagua swichi inayowaka tu ikishikiliwa, si ile inayobaki imewaka. Winchi usiiguse: ikivuta kwa nguvu zote inakula mamia ya ampea, na ina kebo na solenoidi zake. Friji na redio za mawasiliano zipewe waya wao mnene kutoka kwenye betri. Redio ikianza kukoroma kila taa ya LED inapowashwa, kelele inatoka kwenye saketi ya taa. Tenganisha njia za nyaya za taa na kebo ya antena, na uvishe pete ya feraiti (pete ya kuzuia kelele za umeme) kwenye waya karibu na taa.

Kwa swichi yenyewe tunatoa alama nzuri: mbofyo wake ni imara, mwanga hauumizi macho, na plastiki inafanana na ya Toyota. Kama muuzaji anakubali kuuza swichi peke yake, chukua hiyo, kisha relei yenye soketi na vitu vingine vyote vinunue kimoja kimoja. Ukimaliza kufunga, washa taa dakika 15 injini ikiunguruma, kisha gusa kishikio cha fyuzi, soketi ya relei na lagi ya ethi kwa mgongo wa kidole. Uvuguvugu ni sawa. Panapochoma pana lagi iliyolegea au waya mwembamba. Fungua pale, rekebisha, na upime tena kabla gari halijavuka Kidahwe, nje ya mji wa Kigoma.